Shajara ya mradi: paketi 21 za fanicha ya kuunganisha, kutoka ghalani hadi ghorofa ya tatu

Siku ya 1: Kupima na kuandika

Mzigo wote ni kilo 486. Una kabati la nguo la milango mitatu (mmoja una kioo), kitanda cha sentimita 160, rafu mbili za vitabu na kabati la droo sita. Paketi 18 ni mpya, zote hazijafunguliwa isipokuwa zenye milango. Kabati la droo limeshaungwa, hivyo litafunguliwa kesho na kutoa paketi 3 zilizobaki. Karibu zote ni chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogundishwa) ya milimita 18 yenye uso wa melamini, tabaka gumu kama plastiki. Milango ya kabati la nguo ni MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa) iliyopakwa rangi, na migongo ni ubao mgumu wa milimita 3.

Fanicha ya aina hii hudanganya macho. Paketi namba 1 ina unene wa sentimita 6 tu, na mtu akiiona imeegemezwa ukutani huinama kuinyanyua kwa mkono mmoja. Hesabu yake ni hii: chipubodi ina kilo 650 hadi 700 kwa mita moja ya ujazo. Ubavu mmoja wa kabati una milimita 2,300 kwa 580 kwa 18, yaani mita za ujazo 0.024, ambazo ni kilo 16 na ushei. Katoni hiyo ina mbavu tatu, kwa hiyo ni kilo 49 bila kuhesabu karatasi. MDF ni nzito zaidi, kilo 700 hadi 800 kwa mita ya ujazo. Mlango wenye kioo una kilo 15 za ubao, na kioo cha milimita 4 kinaongeza kilo 10 nyingine.

Kila paketi iliyozidi kilo 25 imeandikwa "WATU 2" kwa kalamu nene, pande zote mbili. Kilo 25 ndicho kiwango ambacho mwongozo wa HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, unamwekea mwanamume anayeshika mzigo karibu na mwili usawa wa kiuno. Mzigo ukiwa mbali na kifua, kiwango hushuka. Ubao wa mita 2.3 haukumbatiki, kwa hiyo tumeandika "WATU 2" hata kwenye paketi tano za kilo 20 hadi 25 ambazo ni ndefu kuliko mita 2.

Njia nayo imepimwa kwa futi ya chuma: upana wa milango, upana wa ngazi, kina cha ubapa pale ngazi zinapogeuka, na urefu wa dari ya chumba. Dari ni milimita 2,410. Kabati lina urefu wa 2,300, lakini kipimo cha kutazama ni mshazari wa ubavu, kwa kuwa kabati huungwa likiwa limelazwa kisha husimamishwa. Mshazari wa 2,300 kwa 580 ni milimita 2,372. Limebaki pengo la milimita 38. Linapita, mradi lisinyanyuliwe kutoka sakafuni wakati wa kulisimamisha. Dari ingekuwa 2,360, kabati lingekwama katikati na pembe yake ya juu ingesagika dhidi ya zege. Kosa hilo hugunduliwa watu wakiwa wameshachoka.

Siku ya 2: Kufungua kabati la droo

Fanicha iliyoungwa isisafirishwe hivyo hivyo. Viungo vyake vimebuniwa kubeba uzito unaoshuka chini. Kuyumbishwa kwenda pembeni hakukuwamo kwenye mahesabu. Kwenye matuta ya barabara kabati huyumba, na boliti zilizoshika kwenye ukingo wa chipubodi hung'oka na chembe zake. Nyuso za chipubodi zimegandamizwa sana, ila kiini chake ni chepesi na chembe zake ni kubwa. Skrubu ya ukingoni imeshika kwenye kiini hicho. Ikishang'oka, tundu halishiki tena.

Utaratibu tuliofuata: droo zote zimetolewa na kupewa namba kwa kalamu ya risasi upande wa chini, kabati likalazwa kifudifudi juu ya blanketi mbili, misumari ya mgongo ikang'olewa. Kuanzia hapo kabati halikunyanyuliwa hata mara moja. Mgongo ndio unaolifanya sanduku libaki mraba. Ukishautoa, sanduku hulala upande kama kiberiti kitupu na kuzitoa boliti mahali pake.

Kufuli za duara za milimita 15 zinazobana vichwa vya boliti, ambazo mafundi wengi huziita kamu, zilifunguliwa kwa bisibisi ya mkono. Nusu mzunguko inatosha. Drili haifai hapa: aloi yake ni laini, msalaba wa kichwa hulika mara moja. Mdomo wa kamu ukishaelekea tundu la ukingoni, ubao hutoka kwa kuvutwa sawasawa. Uliokataa uligongwa kwa nyundo ya mpira, kipande cha ubao kikiwa katikati, karibu kabisa na kiungo. Kuutingisha huku na huku huvunja vijiti vya mbao vya milimita 8 na kuacha nusu ndani ya tundu. Viwili vilivunjika hivyo leo. Vimetobolewa kwa keekee ya milimita 5, maganda yaliyobaki yakatolewa kwa koleo nyembamba.

Boliti za kamu zimefunguliwa zote 24, wala hatukubakisha hata moja. Hili hupuuzwa kila mahali kwa sababu linaonekana kazi ya bure, maana zitarudishwa palepale. Itazame boliti iliyobaki kwenye ubao: imechomoza karibu sentimita 3, ina shingo nyembamba na kichwa kidogo cha chuma chenye ukingo mkali. Ubao wa pili ukiwekwa juu yake, uzito wote unakaa kwenye kichwa hicho. Baada ya kilomita chache melamini inapata kidoti cheupe. Baada ya nyingi, kidoti kinakuwa tundu linaloonyesha chipubodi ya kahawia, na hakuna rangi wala nta inayolificha vizuri. Reli za droo nazo zimetolewa kwa sababu hiyohiyo. Vijiti vya mbao vilivyokuwa vimegundishwa havikutoka, kwa hiyo kila kimoja kimevishwa kipande cha sponji.

Vyuma vyote viko kwenye mifuko minne iliyoandikwa, mifuko iko kwenye ndoo moja yenye mfuniko, na ndoo itasafiri na dereva. Kubandika mfuko wa skrubu kwenye ubao kwa selotepu ni makosa mawili kwa mpigo: selotepu huondoka na rangi au karatasi ya uso, na skrubu hugeuka msasa ndani ya paketi.

Siku ya 3: Kufunga

Vifaa vilivyotumika: blanketi nene 16, karatasi za sponji za milimita 3 (mita 60), roli 4 za nailoni ya kuvutika, kona za katoni 84, katoni tupu zilizokatwa kuwa bapa, na selotepu ya kahawia roli 5.

Kabla ya chochote, kila ubao ulio nje ya katoni umefutwa kwa kitambaa kikavu. Punje moja ya mchanga kati ya mbao mbili za kilo 16 ni kisu. Mbao zimelazwa uso kwa uso, sponji katikati, na upande wa ndani, ule wenye matundu, ukiangalia nje. Ikitokea mchubuko, uwe upande ambao hakuna atakayeuona.

Milango ya MDF imepata utaratibu wake. Sponji nyembamba hugusa rangi, kisha katoni, kisha blanketi, na nailoni mwisho kabisa. Nailoni ya mapovu haikuruhusiwa kugusa rangi moja kwa moja: kwenye joto, na chini ya shinikizo, mapovu huacha alama za miduara ambazo hazifutiki. Nailoni ya kuvutika nayo haikuzungushwa ikafunika kila sehemu. Miisho imeachwa wazi kidogo. Paketi iliyozibwa kabisa ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto hutokwa jasho kwa ndani, na maji hayo huenda moja kwa moja kwenye matundu na kingo zisizo na utepe wa kuzifunika. Chipubodi iliyovimba hairudi unene wake hata ikikauka.

Sehemu kubwa ya siku imekwenda kwenye pembe. Ubao una nyuso pana na kingo ndefu, lakini katika kuanguka, kugonga au kugeuzwa, kinachotangulia kugusa ni pembe, na eneo linalopokea uzito wote pale halifiki ukubwa wa ukucha. Kona za katoni zilizokazwa hadi kugusana na ubao hazikingi kitu. Zinapitisha kishindo tu. Tumezikunja tabaka tatu na kuacha sentimita moja ya uwazi mbele ya ncha ya ubao, ili katoni ibonyee kwanza. Paketi 21 kwa kona 4 ni 84. Paketi ndefu zaidi ya mita 2 zimeongezewa kipande cha katoni katikati ya kila ukingo mrefu, mahali mikono na mikanda itakapokaa.

Paketi mpya hatukuziamini kwa kuwa zimetoka kiwandani. Kila moja imesimamishwa na kutikiswa kidogo. Nne zilisikika kitu kikitembea ndani. Zimefunguliwa upande mmoja tu, pengo likajazwa katoni iliyokunjwa, zikafungwa tena. Kwenye paketi namba 9, mfuko wa vyuma wenye karibu kilo 2 ulikuwa umechomoka sehemu yake na kuanza kusugua rafu ya juu. Picha zimepigwa kabla paketi haijasogezwa, pamoja na pembe za katoni zilizokuwa zimebonyea tangu ghalani.

Siku ya 4: Kupakia

Lori lina bodi iliyofunikwa, mita 4.2 kwa 2. Paketi ndefu zimesimamishwa kwa ukingo wao mrefu, zikielekea mbele kwa urefu. Ubao wa upana wa milimita 600 na unene wa 18 ukisimama kwa ukingo ni mgumu kupinda mara 1,100 hivi kuliko ukilazwa. Ukilazwa juu ya magogo mawili hunepa katikati, na kila tuta huongeza. Kulaza kunakubalika kama sakafu inaubeba mwili mzima na hakuna kitakachowekwa juu. Hivyo ndivyo zilivyowekwa paketi fupi za droo, juu ya palati iliyotandikwa ubao wa plaiwudi. Kioo hakilazwi kamwe.

Paketi moja iliyosimama ni kitu cha hatari. Ina unene wa sentimita 6 na kimo cha 58, kitovu cha uzito kiko sentimita 29 kutoka chini. Ukigawa 3 kwa 29 unapata 0.10: nguvu ya pembeni inayolingana na sehemu moja ya kumi ya uzito wake inatosha kuiangusha, na kona ya kawaida ya barabara huipita. Zikifungwa saba kuwa bunda moja, upana unakuwa sentimita 42, nusu yake ni 21, na 21 kwa 29 ni 0.72. Mbao ni zilezile, ila sasa haziangushwi na kona. Kwa hiyo paketi 7 za kwanza, kilo 300 kwa jumla, zimefungwa kwanza zenyewe kwa zenyewe kwa mikanda miwili ya milimita 25, ndipo bunda likafungwa kwenye lori. Mlango wa kioo uko katikati ya bunda, wa nne, kioo kikiangalia blanketi na ubao mpana. Usiwe wa nje hata kama ndio utakaoshushwa kwanza.

Chini ya bunda kuna vipande vitatu vya mpira wa milimita 8. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwa 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 pembeni na nyuma. Kwa kilo 300, breki kali inadai nguvu ya kilo 240. Ukikadiria msuguano wa katoni juu ya sakafu laini kuwa 0.3, sakafu inashika 90 tu, na 150 zinatafuta pa kwenda. Mpira unahesabiwa 0.6, hivyo unashika 180 na kubakiza 60. Hizo 60 zimepewa ukuta wa mbele wa bodi: ncha za paketi zimegusana nao, kukiwa na ubao wa sentimita 4 na blanketi katikati ili msukumo usiishie kwenye pembe mbili tatu zilizochomoza.

Mikanda inahitaji mkono wa kiasi. Mkanda wa racheti (wenye mpini na gurudumu la meno la kukazia) wa milimita 50 ukikazwa kwa mkono hufikia kwa kawaida mkazo unaolingana na kilo 250 hadi 350, na ukingo wa chipubodi hauwezi kustahimili hilo kwenye upana wa sentimita tano. Tumetumia ya milimita 25, tukaipitisha juu ya vipande vya mbao vya sentimita 5 kwa 5 vilivyozungushwa pembe, na kukaza hadi mkanda ukipigwa kwa kidole ulie. Baada ya hapo, kila kijino cha ziada kinakaza ubao, hakikazi mzigo.

Rafu za vitabu zimeegemea bunda, sehemu za kitanda zikafuata, na palati ya droo ikaja nyuma. Mapengo yamezibwa kwa blanketi zilizokunjwa na katoni. Moja tuliliacha: sentimita 2 na nusu kati ya palati na paketi namba 14, yenye nyuso za droo. Lilionekana dogo.

Siku ya 5: Njiani

Lori lilisimamishwa baada ya kilomita 5. Mikanda miwili kati ya sita ilikuwa imelegea kiasi cha kuingiza vidole vitatu, bila mtu kuigusa. Blanketi na katoni hubonyea kwa mtikisiko wa mwanzo na mzigo hupungua upana. Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza hufanywa mapema, na wa pili baada ya saa moja. Safari hii ilihitaji yote miwili. Ule wa pili haukukuta kitu.

Matuta yalipitwa polepole, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukipita tuta kimshazari bodi hujinyonga na bunda lililosimama huyumba kichwa. Nyuma ya ekseli ya mwisho ndiko kunakorushwa zaidi, na huko iliwekwa palati ya droo kwa kuwa ndiyo iliyodhaniwa kuwa ngumu.

Siku ya 6: Kupandisha

Kupakua kumekwenda kwa mpangilio wa kinyume, bunda likifunguliwa mwisho na mtu mmoja akiwa amelishika kabla mkanda haujalegezwa. Mbao zilizokuwa zikisukumana husimama peke yake ghafla.

Kwenye ngazi, ubao hubebwa kwa ukingo, si bapa. Aliye chini hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo awe mwenye nguvu zaidi na ashike karibu theluthi ya urefu kutoka mwisho wa chini. Glovu ziwe na mpira kiganjani. Za kitambaa huteleza kwenye nailoni. Anayeongea ni mmoja, yule wa juu, kwa sababu ndiye anayeiona ngazi iliyobaki.

Uharibifu mwingi wa ngazini hutokea kwenye ubapa. Wabebaji huchoka, hutua ubao kwa pembe moja, kisha huugeuza juu ya pembe hiyo kama bikari. Kilo 49 zinazunguka juu ya ncha, na punje ndogo ya mchanga sakafuni inatosha kuisaga. Tuliweka kipande cha zulia kwenye kila ubapa, na amri ikawa moja: ukingo mzima unatua, unageuzwa, unanyanyuliwa. Safari 21, saa tatu na nusu, bila pembe iliyoguswa.

Siku ya 7: Kufungua na kukagua

Paketi 20 ni safi. Namba 14 imepata jeraha: uso wa droo ya tatu, pembe ya chini kushoto, umebonyea milimita 6 na utepe wa ukingo umefunguka. Kona ya katoni ilibonyea kama ilivyotakiwa, ila ilibonyea yote kwenye tuta la kwanza, na matuta yaliyofuata yaligonga ubao. Chanzo ni lile pengo la sentimita 2 na nusu. Palati ya karibu kilo 70 ilikuwa ikirudi na kwenda ndani yake safari nzima. Blanketi moja iliyokunjwa mara nne ingelijaza.

Marekebisho: utepe uliinuliwa kwa kisu chembamba, gundi nyeupe ya mbao ikachanganywa na maji kidogo na kudondoshwa kwenye chembe zilizolegea hadi zikakataa kunywa zaidi. Pembe ikabanwa kati ya vipande viwili vya mbao vilivyovishwa nailoni ili visigande, na clampu ikakazwa taratibu mpaka unene ukarudi milimita 18. Imeachwa hivyo kwa saa 24. Kesho utepe utabandikwa upya kwa gundi ya mguso, na mwanya uliobaki utazibwa kwa nta ya rangi ileile.

Paketi nyingine zimeachwa wazi chumbani usiku kucha kabla ya kuungwa. Wakati wa kuunga, kila skrubu inayorudi kwenye tundu lake la zamani izungushwe kwanza kinyume, taratibu, hadi isikike ikidondoka kwenye njia yake, ndipo ikazwe. Ikilazimishwa hukata njia mpya na tundu huisha. Kamu moja kati ya 24 imepasuka mdomo, imebadilishwa kwa nyingine ya milimita 15. Droo ya tatu imehamishiwa chini kabisa kushoto, ambako pembe iliyogundishwa itaangalia ukuta.